Simu Ikikwama: Tuongeze Kumbukumbu au Tuitunze Iliyopo?

Simu ikianza kukwamakwama, huyu atasema, "Kumbukumbu ni kidogo, nunua nyingine!" Yule naye atamjibu, "Wapi! Ni programu mbovu tu." Je, nani msema kweli? Hebu tulichambue jambo hili, maana simu mpya haiuzwi kwa bei ya kutupa. Pesa hizo ni karo ya mtu.

Kwanza, tutenganishe vitu viwili ambavyo wengi huvichanganya. Hifadhi ya simu ni kama sanduku lako la bwenini: picha, nyimbo na programu hukaa humo hata simu ikizimwa. Kumbukumbu ya kazi ni kama dawati lako: hapo hufunguliwa vile unavyotumia saa hii tu, na simu ikizimwa dawati huwa tupu. Ndiyo maana ukifuta picha mia moja, dawati halipanuki hata inchi moja, ijapokuwa sanduku lililojaa pomoni nalo huichelewesha simu.

Sasa tuwasikilize wanaotaka dawati kubwa. HTC Dream, simu ya kwanza ya Android kuuzwa, mwaka 2008, ilikuwa na kumbukumbu ya MB 192. Galaxy S24 Ultra ya mwaka 2024 ina GB 12, yaani mara 64. Lakini je, nafasi yote hiyo hubaki wazi? Hasha! Programu nazo zimenenepa, na dawati likipanuliwa, vitabu huongezwa.

Upande wa pili una hoja nzito. Mwaka 2014, iPhone 6 ilikuwa na GB 1 tu, ilhali Galaxy S5 ilikuwa na GB 2. Hata hivyo, iPhone haikuachwa nyuma. Kwa nini? Katika iPhone, kitu kisichohitajika tena huondolewa papo hapo. Katika Android, programu nyingi huacha takataka zimngoje mfagiaji, naye huhitaji muda na nafasi ya kufagia. Mwaka 2017, Google nayo ilitoa Android Oreo ya aina ya Go, iliyopunguzwa uzito kwa ajili ya simu za GB 1 au chini yake.

Kuna pia programu zinazovujisha kumbukumbu. Wahenga walinena kwamba kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Kwenye simu mambo ni kinyume! Programu inayovujisha huomba nafasi, ikamaliza kazi, isiirudishe. Mzigo huzidi mpaka simu ichoke. Hapo hata GB 12 ni kuahirisha tatizo tu.

Hata hivyo, utunzaji una mpaka wake. Apple ilipoleta huduma zake za akili bandia mwaka 2024, iPhone 15 ya GB 6 iliachwa nje, na iPhone 15 Pro ya GB 8 ikakubaliwa. Vichakataji vyao vilitofautiana pia, lakini kitabu kinene hakifunguki juu ya kidawati.

Kwa maoni yangu, basi, utunzaji utangulie, kumbukumbu ifuate. Kabla ya kumwomba mzazi simu mpya, sasisha programu, ondoa usizotumia, kisha izime simu na kuiwasha upya. Tena, ile tabia ya kufunga programu zote kila dakika, ati simu iwe nyepesi, haisaidii: kuifungua programu upya hula betri zaidi. Ifunge iliyokwama tu. Na wewe unayeota kuwa mtunzi wa programu, kumbuka kuwa kila nafasi unayoipoteza hulipiwa na mwenye simu ndogo.

Zoezi
1. Eleza tofauti kati ya hifadhi na kumbukumbu ya kazi.
2. Kwa nini kuvuja kwa kumbukumbu si nafuu kwa simu?
3. Jadilini chamani: "Simu kubwa huwafanya watunzi wa programu kuwa wavivu."