Glavu za boksi kwa wanawake: numero si kipimo cha mkono

Kila mara katika ukurasa huu tunasema juu ya kofia, viatu na glavu za kazi. Leo tutasema juu ya glavu nyingine, zile za mchezo wa boksi, ambazo wengi kwetu wanaziita «gants». Mabinti zetu, hata na mama wengine, wanaingia katika vyama vya ngumi pamoja na vijana wanaume. Mtu atauliza: mchezo unaingia wapi katika usalama? Jibu ni kwamba mkono ni ule ule. Mkono uliovunjika siku ya posho jioni hautatumika kazini siku ya kwanza asubuhi. Hautakoroga bukari, hautafua nguo, hautabeba mtoto, na munganga anaweza kuufunga majuma mengi.

Boksi kwetu si jambo geni. Wazee wanakumbuka tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali alipomwangusha George Foreman kule Kinshasa katika raundi ya 8. Wakati ule ngumi zilihesabiwa kuwa za wanaume, na wenye kutengeneza glavu walifuata umbo la mkono wa mwanaume. Wanawake walipata kupigana katika Michezo ya Olimpiki mwaka 2012 tu, kule London. Marcelat Sakobi wa nchi yetu alipigana katika michezo ya Tokyo mwaka 2021, tena Paris mwaka 2024. Kwa hiyo njia imefunguka, lakini glavu nyingi zinazofika sokoni zingali zile pana za zamani. (Kuna baba wanaosema boksi si kazi ya wasichana. Mabishano hayo tunawaachia nyumbani. Sisi tunasema tu: kama binti anacheza, acheze na mkono uliokingwa.)

Kosa linaanzia kwenye numero. Mfanyakazi amezoea glavu za kazi. Pale numero inaonyesha mkono: numero 7 ni kwa mkono wenye mzunguko wa milimita 178 hivi, numero 8 ni kwa milimita 203. Anayevaa 7 akipewa 10, glavu inacheza mkononi, na kila mkubwa wa kazi anajua hatari yake. Basi mfanyakazi huyu anamsindikiza binti yake sokoni, anaona glavu za boksi zimeandikwa 8, 10, 12, 14, anasema: «Wewe una mkono mdogo, kamata 8.» Hapo amepotea. Numero ya glavu ya boksi ni onsi, maana yake uzito. Onsi moja ni karibu gramu 28. Glavu ya onsi 10 ina gramu 284 hivi, ya onsi 12 gramu 340, ya onsi 16 gramu 454. Numero hiyo inakuambia kiasi cha kitu ulichobeba, na zaidi ya yote sponji iliyoko mbele ya ngumi. Haikuambii kama nafasi ya ndani, pale mkono unapoingia, ni pana au nyembamba. Glavu mbili za onsi 12 kutoka viwanda viwili zinaweza kuwa na uzito sawa kabisa, na moja ikakubana, ya pili ikakuvuka.

Kwa hiyo kuna maswali mawili, wala yasichanganywe. La kwanza: onsi ngapi? Hilo mwalimu wa mchezo ndiye anapashwa kulijibu, kufuatana na uzito wa mwili na kazi inayofanyika. Kwa kupiga mfuko, wanawake wengi wanatumia onsi 10 au 12. Kwa kupigana na mwenzake katika mazoezi, inafaa sponji nyingi zaidi, onsi 14 au 16, sababu pale tunalinda pia kichwa cha yule mwingine. La pili: nafasi ya ndani inalingana na mkono wangu? Hilo hakuna wa kukujibia. Ni lazima uvae.

Tuseme basi dada mmoja mwenye kiganja chembamba amevaa glavu pana. Akipiga hewa, haoni neno. Lakini akipiga mfuko wenye kilo 30, ngumi inageuka ndani ya glavu kabla glavu yenyewe haijasimama. Nguvu inakosa kupita katika vifundo viwili vikubwa, cha kidole cha shahada na cha kidole cha kati, inaangukia kando, upande wa kidole kidogo. Mfupa wa kiganja upande ule ni mwembamba, na mara nyingi unavunjika shingoni, karibu na kifundo. Au mkono unajikunja kwenye kiwiko cha kiganja, pale tunapovaa saa, na mishipa inavutika. Mkono mmoja una mifupa 27, mingi yake midogo sana. Glavu imewekwa ili mifupa hiyo ikae pamoja kama fungu moja la kuni lililokazwa kamba. Kamba ikilegea, kila kuni inakwenda kwake.

Wengine wanajaza vitambaa ndani ili nafasi ipungue. Tusifanye hivyo. Kitambaa kinasogea kila unapopiga, na nyuma ya dakika kumi kimejikusanya mahali pasipofaa, mara nyingi chini ya vidole, nawe huwezi tena kufunga ngumi. Kuongeza bandeji kunasaidia kidogo kwenye vifundo, lakini glavu iliyo pana kiwikoni inabaki pana.

Wengine nao wanakimbilia glavu za watoto, zile za onsi 6 au 8 zenye rangi nzuri. Kweli, mkono unaingia vizuri. Lakini sponji yake imepimwa kwa ngumi ya mtoto. Mama wa kilo 60 akipiga mfuko nayo, ni kama kuvaa kofia ya karatasi na kuingia chini ya mawe. Kwa sisi hili ni baya kuliko glavu pana, sababu linadanganya: mtu anajisikia amekaa salama.

Namna ya kuchagua, basi. Nyumbani kwanza, kamata utepe wa fundi wa nguo, ama kamba na rula. Zungusha kwenye kiganja chini tu ya vifundo, bila kuhesabu kidole gumba, kwenye mkono unaotumia zaidi. Andika. Viwanda vizuri vina orodha yao inayolinganisha kipimo hicho na nafasi ya ndani, na vingine vinashona glavu za wanawake, nyembamba kiganjani na fupi vidoleni. Usishike neno la rangi: glavu ya pinki inaweza kuwa ya kiume kabisa ndani.

Ukienda kununua, nenda na bandeji zako, nenda mchana au jioni wakati mikono imevimba kidogo. Funga bandeji kama unavyofunga siku ya mazoezi. Bandeji ya mtu mzima kwa kawaida ina mita 4 na nusu. Mwenye mkono mdogo anaweza kuona ni ndefu mno, basi achukue iliyo fupi zaidi. Kupima glavu na mkono mtupu ni kupoteza franka. Pete iachwe nyumbani, kucha zikatwe.

Vaa zote mbili na kuzifunga. Ncha za vidole zinapashwa kugusa mwisho wa nafasi bila kusukumwa. Funga ngumi: ifungike yenyewe, usipigane nayo. Kidole gumba kilale kando ya ngumi, kisisimame mbele wala kisivutwe nyuma. Sasa mwambie uliyekuja naye aikamate glavu na kuivuta, kisha aigeuze kushoto na kuume. Mkono wako ukiteleza ndani, iache. Jaribu kukunja kiwiko cha kiganja: glavu ikukatalie. Piga kiganja chako kingine mara kumi, usikie ni vifundo gani vinafika kwanza. Halafu kaa nazo dakika tano, hata muuzaji akikasirika. Vidole vikifa ganzi, zimebana mno. Sponji mpya inalainika kidogo kwa kutumika, lakini kushona hakuongezeki.

Kuhusu kufunga: glavu za kamba zinashika kiwiko vizuri sana kwa mkono mwembamba, ila zinahitaji mtu wa kukufunga. Zile za kunata unazifunga mwenyewe. Kama utepe wake unazunguka hata kufika mwisho na bado unalegea, glavu si yako.

Glavu zilizokwisha kutumika ni bei rahisi, na si zote mbaya. Bonyeza sponji kwa kidole gumba juu ya vifundo. Ikibaki na shimo, au ukisikia mfupa wa kidole chako mwenyewe kutoka ndani, imekufa. Angalia pia uzi na harufu. Katika vyama vingi jozi moja inavaliwa na watu kumi, na jasho la mmoja linampa mwingine magonjwa ya ngozi. Glavu yenye damu ioshwe na dawa kabla mwingine hajaivaa. Chama kikiwa na franka kidogo, kinunue hata jozi moja nyembamba kwa ajili ya wasichana, na kila mmoja awe na bandeji zake, zifuliwe kila mara. Nyuma ya mazoezi glavu zifunguliwe wazi, zijazwe gazeti, zianikwe penye upepo. Jua kali linapasua ngozi yake.

Na mkono ukiumia? Vua glavu na bandeji mara moja kabla haujavimba, weka kitambaa cha maji baridi, uinue juu. Usikubali mtu auvute au kuukanda. Nenda lopitali siku ile ile ukiona kifundo kimezama, kidole kinalala juu ya mwenzake, au maumivu yako chini ya kidole gumba, karibu na kiwiko. Mahali hapo pa mwisho pana mfupa mdogo ambao ukivunjika mara nyingine hauonekani katika picha ya radio ya kwanza, nao ukisahauliwa unaweza kukosa kuungana. Munganga akisema urudi kwa picha ya pili nyuma ya siku 10 hadi 14, rudi, hata kama maumivu yamepungua.