Namba ya Bibi Iko Wapi?

Wadogo zangu wa Buhare, na nyie wa Bunda na Butiama, sikilizeni. Leo naanza na ujumbe wa binti mmoja anayekaa na bibi yake: "Dada, shikamoo. Bibi yupo TASAF. Dirisha la malipo limefunguliwa, hela ya unga tunaisubiri, wanasema alete namba. Kadi haionekani. Namba naipata wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Nami nakuuliza: namba ipi?

Sikuulizi kwa ubishi. Mlengwa mmoja anaweza kuwa na namba tatu, na kila moja ina kazi yake. Ipo namba ya kaya kwenye mpango wa kunusuru kaya maskini. Ipo namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ambayo ni ya bibi mwenyewe kama raia. Halafu ipo namba ya simu au ya akaunti ambako fedha inaingia. Karani akisema tu "lete namba" na foleni imefika barabarani, bibi anataja anayoikumbuka, ambayo kwa kawaida ni ya simu, na tena ni ya simu ya mjukuu. Anaambiwa siyo. Anarudi nyumbani akiamini amefutwa, kumbe hakuna aliyemfuta. Kwa hiyo kabla hujapekua godoro, mrudie aliyeitaka umuulize: ya kaya, ya NIDA au ya malipo?

Tuanze na ya kaya, maana hiyo ndiyo inayowaliza wengi. TASAF yenyewe, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ipo tangu mwaka 2000, lakini mpango huu wa ruzuku kwa kaya uliletwa na awamu ya tatu, aliyoizindua Rais Kikwete Dodoma Agosti 2012. Kipindi chake cha pili kilizinduliwa na Rais Magufuli Februari 2020. Kaya iliingia kwa kutajwa kwenye mkutano wa hadhara wa mtaa au kijiji, ikajaziwa dodoso, majina yakarudishwa mkutanoni watu wayathibitishe. Kaya iliyopita hapo ikaandikishwa kwa namba yake. Zingatia hilo: iliandikishwa kaya, na bibi ni mpokeaji kwa niaba ya kaya. Ndiyo maana kadi ikilowa au ikiliwa na panya, kaya haijatoka kwenye mpango. Kumbukumbu hazikai kwenye kadi peke yake.

Zinakaa wapi? Mtaani, kwa Afisa Mtendaji na kwa kamati ya jamii inayosimamia mpango, kuna orodha ya walengwa inayotumika siku ya malipo. Kwa nyie wa vijijini Butiama, ni kwa Mtendaji wa Kijiji. Hapo ndipo pa kuanzia, na mara nyingi huwa ndipo pa kuishia. Nenda na bibi mwenyewe kama miguu inamruhusu. Kama haimruhusu, nenda na kitambulisho chake na cha kwako, maana mtendaji mwenye akili timamu hampi mtu yeyote namba ya mwenzake kwa kusikia tu "mimi ni mjukuu". Akikukatalia, usimnunie. Ndivyo anavyomlinda bibi yako.

Kabla ya kwenda, hebu pekua kidogo. Karatasi za malipo ya nyuma, zile bibi anazozifunga kwenye kitambaa pamoja na kadi ya kliniki, huwa na taarifa za kaya. Daftari la kikundi cha kuweka akiba nalo liangalie, maana waweka hazina wetu wanaandika kila kitu. Na jirani aliyekuwa naye kwenye ajira za muda za TASAF anaweza kukumbuka walivyoandikishwa, ingawa namba ya kutoka kichwani mwa jirani msiipeleke kokote kabla haijahakikiwa.

Mtaani ikishindikana, ngazi inayofuata ni mratibu wa TASAF kwenye halmashauri. Buhare ni kata ya Manispaa ya Musoma, kwa hiyo wa Buhare mnakwenda manispaa. Nalisema hili kwa sababu ipo Halmashauri ya Wilaya ya Musoma pia, na mtu anaweza kupoteza nauli na asubuhi nzima kwenye ofisi isiyo yake. Bunda nako vivyo hivyo: kuna Halmashauri ya Mji na kuna ya Wilaya. Uliza kwanza mtaa au kijiji chenu kiko upande gani.

Sasa NIDA. Hii usiitafute kwa mtendaji, na usimlipe mtu akutafutie, kwa sababu simu ya batani inatosha. Bonyeza *152*00#, soma orodha inayokuja, ufuate palipoandikwa utambuzi, halafu NIDA. Usikariri tarakimu za kubonyeza ulizoambiwa na shoga yako, maana orodha hupangwa upya, fuata maneno. Mwenye simu ya kuperuzi aingie kwenye tovuti ya NIDA, sehemu ya kufahamu namba yako. Utaulizwa jina la kwanza, jina la mwisho, tarehe ya kuzaliwa, na majina ya mama mzazi.

Hapo kwenye majina na tarehe ndipo mkoa wetu wa Mara unapotutesa.

Bibi anaitwa Bhoke. Aliyemwandikisha aliandika Boke. Ghati akawa Gati, na kuna kina Wankuru walioandikwa hata wao wakashindwa kujisoma. Mashine haina ukoo wala haijui Kikuria. Ukikosea herufi moja inakujibu kwamba mtu huyo hayupo. Kwa hiyo ukijaribu mara ya kwanza ikakataa, jaribu na h na bila h, kisha tazama jina lilivyoandikwa kwenye kadi ya mpiga kura au hati nyingine ya zamani. Na jina la mama yake bibi usiandike Nyamama au Mama Chacha. Linatakiwa lile alilolitaja siku anaandikishwa. Mkalishe bibi chini, muulize taratibu. Utasikia na hadithi za ukoo ambazo hukuzitegemea, lakini hilo ni faida ya juu.

Tarehe nayo ina mambo. Wazee wengi hawakuzaliwa na cheti. Mwingine alisema alizaliwa wakati wa zile mvua za Uhuru, ziwa lilipopanda, na karani akamwandikia 1 Julai 1961, ingawa mvua zenyewe zilikuja mwishoni mwa mwaka. Basi hiyo Julai ndiyo imeshakuwa siku yake serikalini, na ndiyo utakayojaza. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, ikianza na mwaka, mwezi, kisha siku. Kwa hiyo ukikuta karatasi ina namba ndefu inayoanza 19610701, usihangaike tena, ndiyo hiyo. Na ukihesabu ukakuta tarakimu 19, kuna mtu aliruka moja wakati wa kunakili.

Ukishindwa kabisa, nenda ofisi ya NIDA ya wilaya na bibi, wamtafute kwa majina na alama za vidole. Vidole vya mwanamke aliyelima muhogo na kukwangua magamba ya samaki maisha yake yote mashine huvisoma kwa shida. Mwoshe mikono kwa maji ya vuguvugu na sabuni, umpake mafuta kidogo usiku wake, na uwaombe wajaribu vidole vyote, wasiishie kwenye dole gumba. Na jueni kwamba kuijua namba si sawa na kuomba kadi mpya. Kadi iliyopotea ina taratibu zake na ada yake, na ada hiyo haikabidhiwi mtu mkononi. Inalipwa kwa kontrol namba. Kama anachohitaji bibi leo ni namba tu, usikubali kusukumwa kwenye gharama ya kadi.

Tatu, namba ya malipo. Hapa nitasema kwa ukali kidogo, mnivumilie. Tangu malipo yaanze kupita kwenye simu na benki, nusu ya barua ninazopata za "bibi hajalipwa" zinaishia kwenye laini. Mwaka 2019 ulipoanza usajili wa laini kwa alama za vidole, wajukuu wengi kwa nia njema walisajili laini ya bibi kwa NIDA zao. Leo orodha ya malipo ina jina la bibi, laini ina jina la kijana aliyeko mgodini Nyamongo, na fedha inagoma. Dawa yake si kubadilisha namba ya kaya. Ni bibi kusajili laini kwa NIDA yake mwenyewe, kisha namba hiyo ipelekwe kwa mtendaji au mratibu ibadilishwe kwenye kumbukumbu. Kujua laini ipi iko kwa jina la nani, bonyeza *106#.

Na namba ya siri ni jambo jingine kabisa. Namba ya kaya unaweza kumtajia mtendaji, namba ya NIDA unaweza kumtajia wakala anayesajili laini, lakini namba ya siri ya simu hatajiwi mtendaji, wala wakala, wala mwezeshaji, wala mimi dada yenu. Mjukuu anayeijua ajue pia kutoa hesabu: imeingia ngapi, imetoka ngapi, ya unga ni ngapi.

Matapeli nao watakuja na ujumbe: "Umeongezewa ruzuku ya TASAF, tuma namba ya NIDA na elfu tano ya usajili." Kuingia kwenye mpango hakulipiwi. Usijibu; ile namba ya tapeli itume kwenda 15040. Na anayepita nyumba kwa nyumba akikusanya kadi za wazee "akazihakiki" mwambieni uhakiki ufanyike bibi akiwepo na kadi ikiwa mkononi mwake. Kadi kushikwa na mtu mwingine, hata kama ni mwenyekiti, hata kama ni mwenye duka ambaye bibi amekopa dagaa kwake, ni jambo la kulipeleka kwenye kamati au kwa mratibu kama lalamiko. Lalamiko lako liandikwe, na uondoke umejua ni nani amelipokea na lini utarudi.

Binti mwingine ameuliza jambo zito kwa maneno machache: "Dada, bibi amefariki, nimebaki na wadogo zangu wawili wanasoma. Namba yake inakufa naye?" Pole sana mwanangu. Kwa kuwa iliyoandikishwa ni kaya, kufariki kwa mpokeaji hakufuti watoto waliobaki. Lakini usiendelee kutoa fedha kwa simu yake kimya kimya, hata kama namba ya siri unaijua; hilo litakugeuka. Nenda kwa mtendaji na mtu mzima wa ukoo, mtoe taarifa, mbebe cheti cha kifo mkikipata, muombe mpokeaji abadilishwe. Beba na kumbukumbu za shule za hao wadogo zako, kwa kuwa sehemu ya ruzuku inategemea mahudhurio yao darasani. Kama huna mtu mzima wa kwenda naye, mweleze mwenyekiti wa mtaa au afisa maendeleo ya jamii wa kata, na ufanye hivyo wiki hii, kabla dirisha lijalo halijafunguliwa.