Binti anagawa karata usiku, vidole vinakufa ganzi

SWALI: Daktari, mwanangu wa kike anagawa karata kwenye kasino huko Dar es Salaam, mwaka wa pili sasa. Amekuja likizo hapa Mpanda, namwona amebadilika. Usiku anazunguka ndani kama mlinzi, mchana analala mpaka saa tisa. Jioni miguu inavimba, vidole vya mkono wa kulia vinakufa ganzi, na anakohoa ilhali sigara hajawahi kuvuta. Majirani wanasema pesa ya kamari ina mambo yake. Ni kazi, au nimtafutie mtaalamu? – Mama, Makanyagio.

JIBU: Majirani waache kwanza, mama. Kama kamari ni dhambi, hilo ni la padri na shehe. Na huyo mganga unayemwita mtaalamu, pesa yako usimpe bado.

Tuanze na miguu, maana hapo pana jambo lisilosubiri. Ikivimba yote miwili jioni na asubuhi ikawa imeshuka, mara nyingi ni kusimama: mgawaji husimama mezani saa nzima nzima bila kutembea, damu inapata shida kupanda. Aiinue miguu akilala, na kazini avae soksi ndefu za kubana. Lakini kutoka Dar mpaka Mpanda kwa treni ni kukaa muda mrefu mno. Ukiona mguu mmoja tu umevimba, kigimbi kinauma na kina joto, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Mkoa leo hii, na akianza kubanwa na kifua au kukosa pumzi, msingoje hata chai.

Vidole sasa. Muulize ni vipi hasa. Kama ni gumba, cha shahada na cha kati, ganzi inamwamsha usingizini, na akiukung'uta mkono anapata nafuu, basi yaelekea mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono. Kazi yenyewe inaeleza: kuchanganya karata, kuzitelezesha moja moja, kukusanya vile visahani vya plastiki vinavyosimama badala ya fedha, kisha kuanza upya, usiku kucha. Akilala afunge kifaa cha kunyoosha kifundo, hospitali watamwonyesha. Wapime na sukari. Usinikasirikie mama, wapime na ujauzito, kwani vyote viwili huleta ganzi ya namna hiyo.

Kikohozi kikiwa kimefika wiki mbili, makohozi yapimwe kifua kikuu. Kipimo hicho ni bure. Kisipoonekana kitu, mimi nitaugeukia moshi wa sigara za wachezaji, na huo ndio unaonitia hofu kuliko yote. Katavi mnalima tumbaku, moshi wa mabani ya kuikaushia mnaujua, lakini moshi wa sigara ya mtu mwingine bado tunauchukulia kama kero tu. Mwaka 2009 taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, NIOSH, ilitoa ripoti kuhusu wagawa karata wa Las Vegas wasiovuta sigara. Mkojo wao ulipimwa kabla na baada ya zamu ya saa 8. Baada ya zamu, mabaki ya kemikali ya tumbaku inayosababisha saratani yalikuwa yameongezeka. Hawakuwasha hata sigara moja. Feni haiondoi sumu hiyo, na barakoa ya kitambaa haisaidii. Dawa ni meza iliyo kwenye chumba kisichoruhusu sigara, na hilo binti hawezi kulipata peke yake. Wafanyakazi wadai hilo kwa pamoja, na menejimenti ikiziba masikio waende OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi.

Hilo la kukesha si mapepo. Mwili wake bado uko kwenye zamu. Atoke nje apate jua la asubuhi, na usingizi wa usiku utarudi taratibu. Akirejea kazini atalazimika tena kulala mchana: dirisha lizibwe kwa blanketi, simu izimwe, na vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu asivinywe nusu ya pili ya zamu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kazi ya usiku kwenye kundi la mambo ambayo huenda yakasababisha saratani, mwaka 2007 na tena 2019. Maana yake si kwamba ataugua, ila asizoee zamu za usiku miaka kumi mfululizo kama kuna za mchana.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo imsaidie. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa, na kati ya zamu na zamu kwa kawaida mfanyakazi apumzike saa 12 mfululizo. Aiangalie ratiba yake: akitoka saa 12 asubuhi na kutakiwa mezani saa 10 jioni ileile, aipeleke ofisi ya kazi.