Pua ya Nondo Dume na Mtego wa Shamba la Mahindi

Wakazi wengi wa Kata ya Kiseke wenye vishamba vya mahindi kati ya nyumba humtambua kiwavijeshi vamizi pale anapokuwa amekwisha kutoboa majani ya katikati ya mmea. Nondo aliyemzaa alikuja usiku, akataga, akaondoka. Mdudu huyu, ambaye asili yake ni bara la Amerika, alithibitishwa kuwapo Afrika Magharibi mwaka 2016, na kufikia mwaka 2017 alikuwa amekwisha kuingia Tanzania. Ipo njia ya kupata habari zake mapema, nayo inategemea pua ya nondo dume.

Pua hiyo ni vipapasio, yaani zile nyuzi mbili zilizo kichwani. Usiku, jike aliyekomaa hutulia juu ya mmea, akatokeza tezi iliyo kwenye ncha ya tumbo na kuachia kemikali kidogo mno iitwayo feromoni. Binadamu hawezi kuinusa. Upepo huichukua kama moshi wa jiko la kuni, yaani mkanda mwembamba unaokatikakatika na kuunganika tena.

Kipapasio cha dume kimejaa vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho, na ukuta wa kila kinyweleo una matundu. Chembe ya feromoni hupenya tunduni, hubebwa na protini maalumu katika majimaji ya ndani, kisha hufikishwa kwenye kipokezi cha neva kinacholingana nayo, mithili ya ufunguo na kufuli. Neva hupeleka habari kwenye ubongo. Mwaka 1959 mkemia Mjerumani Adolf Butenandt na wenzake walitangaza kuwa wameitambua feromoni ya nondo wa hariri, ya kwanza kujulikana kwa mdudu yeyote, baada ya kukusanya tezi za majike wapatao 500,000. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba chembe moja tu yatosha kuiamsha neva moja ya dume, ingawa yeye mwenyewe haitikii mpaka neva nyingi ziamke kwa pamoja.

Akiisha kuamka, huelekea unakotoka upepo. Akiipoteza harufu, huyumba kushoto na kulia pasipo kusonga mbele, hadi aipate tena. Hajui jike yuko wapi. Anajua tu upepo unatoka wapi.

Kila aina ya nondo ina mchanganyiko wake wa feromoni. Viwanda hutengeneza mchanganyiko huo na kuutia katika kipande kidogo cha mpira, ambacho hutundikwa ndani ya mtego wenye umbo la ndoo. Tanzania si mgeni wa maarifa haya. Kwa miongo kadhaa mitego ya namna hiyo imetumika kutabiri milipuko ya viwavijeshi wa asili wa Afrika, kazi iliyoratibiwa kutoka Tengeru, Arusha. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanavijiji wa Kilosa walianza kuhesabu nondo na kupima mvua wao wenyewe ili watoe tahadhari kijijini mwao.

Hapa ndipo wengi hukosea. Ndoo iliyojaa nondo hudhaniwa kuwa ni ushindi, kumbe waliomo ni madume, na dume mmoja aliyebaki nje aweza kupanda majike kadhaa. Jike aliyekwisha kupandwa hana haja na mtego. Yeye hutafuta mahindi, na katika maisha yake aweza kutaga mayai zaidi ya 1,000. Wakati wa joto mayai hayo huanguliwa kwa siku mbili au tatu. Kwa hiyo idadi ya nondo ikipanda, shamba likaguliwe siku hizohizo, kwa kupita mistari kama herufi W na kutazama mimea kadhaa kila kituo. Katika kishamba kidogo, mayai na viwavi wachanga huweza kupondwa kwa mkono. Kiwavi aliyekomaa na kujificha ndani ya mmea hafikiwi kwa urahisi na dawa, na fedha ya kuinunua huishia juu ya majani. Hutambulikana kwa alama ya Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne yaliyopangika mraba karibu na mkia.

Wadudu wanaozunguka taa za barabarani wasichukuliwe kuwa kipimo: hao ni wa aina nyingi, madume kwa majike, na wengine wametoka ziwani.

Kipande cha feromoni kishikwe kwa mikono safi isiyo na harufu ya dawa, wala kisichanganywe na cha mdudu mwingine katika mtego mmoja. Kibadilishwe kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji, kwa kuwa kikichakaa ndoo huwa tupu hata kama shambani nondo ni wengi. Nondo wa aina nyingine nao huingia mara mojamoja. Mwenye shaka awapeleke, wakiwa wakavu, kwa afisa kilimo wa kata kabla ya kununua dawa yoyote.