Nafasi ya Mtoto wa Kike: Chozi la Heri na Korona katika Migori na Homa Bay

Katika Chozi la Heri, Assumpta K. Matei anatuchorea Pete anayeozwa kwa lazima, Tuama anayepashwa tohara, na Zohali anayepata mimba akiwa mwanafunzi. Je, mambo haya yanasawiri jamii halisi?

Tazama mwaka wa 2020. Shule zilifungwa mwezi wa Machi, nazo hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote hadi Januari 4, 2021. Msichana wa Kuria, kaunti ya Migori, alipoteza ngao yake. Mwalimu hakuwapo kutambua kwamba mwanafunzi ametoweka msimu wa ukeketaji, ingawa sheria iliuharamisha tangu 2011. Katika fuo za Homa Bay, kafyu iliwabana wavuvi wa omena, ambao huvua usiku. Mama muuza samaki alipokosa biashara, bintiye alikosa hata sodo. Anayemhadaa msichana kwa pesa kidogo hupata mwanya hapo.

Takwimu zinatusaidia kiasi. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kwamba takriban asilimia 23 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 katika kila mojawapo ya kaunti hizi mbili walikuwa wamewahi kushika mimba. Wastani wa kitaifa ulikuwa asilimia 15. Hata hivyo, takwimu hazisemi nani alimdanganya msichana, wala nani alimrudisha shuleni. Hayo huelezwa na msichana mwenyewe. Ndiyo sababu ushuhuda huandikwa. Asipousema, wengine watasema ni tabia yake mbaya.

Ukiandika ushuhuda wa mwenzako, zingatia haya:
(a) Omba idhini yake kwanza.
(b) Ficha jina, shule na kijiji chake.
(c) Yaandike maneno yake bila kumhukumu.
(d) Akiwa hatarini, mjulishe mtu mzima unayemwamini au mpige 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto.

Tanbihi: Katika mtihani, hoja zako zithibitishwe kwa matukio ya riwaya. Usiyataje ya Kuria au Homa Bay kama ushahidi. Yakusaidie kuelewa uzito wa yanayowapata wahusika.

Zoezi
"Mtoto wa kike hunyamazishwa kabla ya kudhulumiwa." Thibitisha kauli hii ukirejelea riwaya ya Chozi la Heri. (alama 20)