Wadudu wa Chai: Namna ya Kuwatambua na Kuwahesabu

Mkulima wa chai hauzi matunda wala mbegu, huuza majani mawili machanga na ncha yao tu. Kwa hiyo mdudu alichomaye jani changa amekwisha kula fedha yako kabla kikapu hakijafika kwenye mzani. Wakulima wengi hungoja mpaka mche mzima uwe mweusi ndipo waulize dawa. Siku hiyo mavuno yamekwisha potea.

Wa kwanza kumjua ni mbu wa chai. Ameitwa mbu kwa wembamba wake, miguu yake mirefu na papasi zake zilizopita urefu wa mwili. Kwa kweli ni wa jamii ya kunguni, na chakula chake ni utomvu. Jamaa zake husumbua mikorosho huko Mtwara. Urefu wake ni milimeta 6 hadi 10. Mtazame mgongoni, utaona kitu kama pini ndogo yenye kichwa, imesimama. Watoto wake hawana mabawa, lakini hudhuru sawasawa na wakubwa.

Mahali alipochoma hufanya doa. Kwanza huonekana kama jani limeloa maji, halafu hugeuka hudhurungi, mwisho jeusi. Mdudu mmoja aweza kufanya madoa zaidi ya 100 kwa siku, basi usihesabu madoa ukadhani umehesabu wadudu. Hesabu machipukizi.

Nenda shambani asubuhi mapema au jioni, kwa maana jua likiwa kali hujificha ndani ya mche. Pita kwa kupinda-pinda toka pembe moja mpaka nyingine. Simama mahali 10, na kila mahali tazama machipukizi 10 bila kuchagua. Andika katika daftari ni mangapi kati ya hayo 100 yenye madoa mapya. Madoa makavu ni habari ya zamani, usiyahesabu. Tuseme juma hili umepata 4, na juma lijalo 11: wadudu wanazidi, mwite Bwana Shamba. Ukipata 11 kisha 5, ngoja kwanza. Penye madoa mengi simika kijiti, ili dawa ikihitajiwa itiwe hapo tu, si shamba zima. Tena waulize wachumaji. Wao hugusa kila mche, nao huona mapema kuliko mwenye shamba.

Jike hupenyeza mayai ndani ya kikonyo laini, na nje huonekana nyuzi mbili tu kama nywele. Ukichuma kwa wakati, kila siku 7 hadi 14, mayai mengi hutoka pamoja na majani. Shamba lisilochumwa ni kitalu cha mbu.

Utitiri mwekundu si mdudu hasa, maana ana miguu minane. Huja wakati wa kiangazi, zaidi kando ya barabara yenye vumbi, na majani yaliyokomaa hupata rangi ya kutu kuanzia kwenye mshipa wa katikati. Thiripi hukaa ndani ya ncha isiyofunguka. Jani likifunguka lina mistari miwili ya kukwaruza, mmoja kila upande wa mshipa huo. Vidukari hukunja majani machanga na kuvuta sisimizi. Ukiona kati yao mdudu wa mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi, usimwue, kwa maana yeye hula vidukari.

Vijitabu vya miaka ya 1950 viliagiza DDT. Usiitumie. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 umeiondoa mashambani. Majani ya chai hayaoshwi kiwandani, basi kilichonyunyizwa juu yake chaweza kufika kikombeni, na chai yenye mabaki ya dawa hukataliwa na wanunuzi. Tumia dawa iliyosajiliwa kwa chai tu, na ushike siku za kungoja zilizoandikwa kwenye chupa. Zikiwa 7, usichume siku ya 6, hata kama gari la kiwanda limekuja. Halafu rudi penye kijiti uhesabu tena.