MBIO ZA KUWABEBA WAGONJWA

Somo la kujifunza katika vikundi, kwa ajili ya sikukuu ya Mtakatifu Luka

Someni kwanza: Marko 2:1-12, Yoshua bin Sira 38:1-14, 2 Wakorintho 8:16-21.



Kila tarehe 18 Oktoba Kanisa letu humkumbuka Mtakatifu Luka, ambaye Mtume Paulo anatujulisha kwamba alikuwa tabibu. Mwezi huo huo nchi nyingi za dunia zimeutenga kwa kuwafundisha watu juu ya saratani ya matiti. Na siku hizi, mahali pengi katika nchi yetu, watu huonekana alfajiri wakikimbia pamoja, vijana kwa wazee, wamevaa fulana za rangi moja. Ukiwauliza, watakuambia: hizi ni mbio za hisani, tunawachangia wagonjwa.

Basi yafaa sisi tukaao katika ufuko huu wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, kutoka mpaka wa Songwe hadi Matema, tujiulize: Je, jambo hili latuhusu? Na kama latuhusu, Mkristo akimbieje?

1. Ugonjwa wenyewe

Saratani ya matiti ni ugonjwa wa chembe za mwili zinazokua ovyo, zisitii mpango wa mwili. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligunduliwa kuwa nao, na watu 670,000 walikufa kwa ajili yake. Wanaume nao huupata, ila ni wachache sana, kama mmoja katika wagonjwa mia.

Hatuna budi kusema wazi mambo ambayo sio. Saratani ya matiti haiambukizi. Waweza kula sahani moja na mgonjwa na kulala naye nyumba moja. Hailetwi na kuweka fedha kifuani, kama wengine wasemavyo sokoni. Wala si uchawi wa jirani. Na wale wanaonong'ona kwamba ni adhabu ya dhambi ya siri, wasome tena Yohana 9:1-3, waone jinsi Bwana wetu alivyolikataa neno la namna hiyo.

Dalili zake ni hizi: uvimbe katika titi au kwapani, ambao mara nyingi hauumi, ngozi ya titi kubonyea au kukunjamana, chuchu kuingia ndani, kutokwa na damu au majimaji kwenye chuchu, titi kubadilika umbo. Si kila uvimbe ni saratani, na vingi sivyo. Lakini ni hospitali iwezayo kutuambia, si sisi wenyewe wala mganga wa mtaani.

Wenye kwenda soko la vyungu la Matema wanajua desturi ya mnunuzi. Kabla ya kutoa fedha hukigonga chungu kwa kidole na kusikiliza sauti yake. Ufa usioonekana kwa macho hujulikana mapema kwa kugonga, kabla chungu hakijatiwa maji na kuwekwa motoni. Vivyo hivyo mwanamke anayejua mwili wake, akahisi badiliko, akaenda upesi, ana tumaini kubwa kuliko yule anayengoja mpaka kidonda kitokeze. Katika nchi yetu wengi hufika hospitali wamechelewa. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa mwaka 2021, lataka mgonjwa ajue hakika ya ugonjwa wake katika siku 60 tangu alipofika kwa mara ya kwanza. Siku 60 tu! Nasi twajua mama aliyetunza siri yake tangu kupanda mpunga hadi kuuvuna, na pengine hadi kupanda tena.

2. Kwa nini wanachelewa?

Tusiseme upesi kwamba ni ujinga. Mara nyingi ni njia ndefu na mfuko mtupu.

Kutoka Kyela mpaka Mbeya, iliko Hospitali ya Rufaa ya Kanda, ni zaidi ya kilometa 100, na barabara yapanda kutoka joto la ziwa hadi baridi ya milimani. Kutoka Mbeya mpaka Dar es Salaam, iliko Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, ni zaidi ya kilometa 800. Wala safari si moja. Dawa za saratani ziingiazo kwa mshipa mara nyingi hutolewa kila baada ya majuma mawili au matatu, kwa miezi kadhaa. Mionzi hutolewa karibu kila siku, siku tano za juma, kwa majuma matatu au zaidi. Baada ya hayo wengine humeza vidonge kwa miaka mitano au kumi. Hata pale ambapo matibabu yenyewe yamepunguzwa gharama, nani atatoa nauli? Mgonjwa atalala wapi majuma hayo yote? Nani atawapikia watoto, na nani atawafukuza ndege shambani?

Hapo ndipo mama asemapo moyoni, "Nitakwenda baada ya mavuno." Na mavuno yakiisha, kuna ada ya shule.

Tena kuna hofu ya kukatwa titi na kuachwa na mume. Hili twalisema kwa uchungu, maana si hofu ya bure. Baba, kama mkeo ni mgonjwa, nadhiri uliyoiweka mbele ya altare iliutaja ugonjwa pamoja na afya. Haikutoa ruhusa.

3. Watu wanne wenye miguu

Sasa tazameni Injili ya Marko. Kuna mtu aliyepooza. Yesu yuko Kapernaumu, nyumba imejaa. Yule mtu ana haja ya kuponywa, lakini hawezi kumfikia aponyaye. Kizuizi chake kinafanana na cha wagonjwa wetu: dawa ipo, ila ipo mbali.

Ndipo watu wanne wanampa miguu yao. Wanambeba. Wakiona mlango umezibwa na watu, wanapanda darini, wanafungua paa, wanamshusha. Naye Marko aandika kwamba Yesu aliitazama imani yao, yaani imani ya wale waliobeba pia, wala si ya mgonjwa peke yake.

Angalieni mambo matatu. Kwanza, hatuambiwi jina hata moja la wale wanne. Walikwisha kazi yao, wakatoweka katika habari. Aliyeondoka akitembea mbele za watu ni mgonjwa. Pili, walikuwa wanne, si mmoja. Mzigo wa mtu mzima humchosha mtu mmoja, bali wanne wanaweza. Tatu, walimfikisha. Hawakumbeba nusu ya njia, wakapiga makofi, wakarudi nyumbani.

Hapa petu neno hili si geni. Wazee wa Kinyakyusa walikuwa na ukwangala, yaani ushirika mwema wa kukaa pamoja, kula pamoja na kuzungumza. Hapo zamani vijana wa rika moja walijenga kijiji chao wenyewe, nao walisaidiana tangu ujana hadi uzee. Vijiji vile havipo tena, lakini vijana wanaokimbia pamoja alfajiri ni rika la leo. Swali ni moja: ukwangala wao unamfikia nani?

Wala si geni katika Kanisa letu la ziwani. Meli ya misheni iliyoitwa Chauncy Maples, kwa jina la Askofu aliyezama katika ziwa hili mwaka 1895, ilianza safari zake mwaka 1901, ikichukua Injili, shule na matibabu. Waliotutangulia walijua kwamba habari njema isiyowafikia wagonjwa ni nusu ya habari.

4. Mbio hizi zimetoka wapi?

Huko Marekani mwanamke aitwaye Susan Komen alikufa kwa saratani ya matiti mwaka 1980, akiwa na miaka 36. Ndugu yake Nancy Brinker alikuwa amemwahidi kwamba atapigana na ugonjwa huo. Mwaka 1983, katika mji wa Dallas, aliandaa mbio zilizokusanya watu 800 hivi. Tangu hapo mbio za namna hiyo zimeenea katika nchi nyingi.

Kwa jirani zetu wa Uganda, Rotari walianza mbio zao za saratani mwaka 2012, na fedha zake zikaelekezwa katika ujenzi wa kituo cha saratani kwenye Hospitali ya Nsambya, Kampala. Hapa Tanzania, mbio za NBC Dodoma, zilizoanza mwaka 2020, zilichangia vita dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi kupitia Ocean Road. Na hata kabla ya hapo, mwaka 2005, Chama cha Madaktari Wanawake, MEWATA, kilianza kampeni ya kuwapima akina mama matiti, nao wakajitokeza kwa maelfu. Jambo hilo latufundisha kwamba wanawake wetu hawakatai kupimwa. Wakiitwa kwa heshima, karibu na kwao, wanakuja.

5. Fedha ya nani?

Hapa, ndugu zangu, tuseme kweli. Tuseme watu 120 wa mtaa wetu wamekimbia, kila mmoja ametoa shilingi 10,000. Hiyo ni shilingi 1,200,000. Fulana zimechukua 700,000. Muziki, maturubai na chakula cha wageni vimechukua 350,000. Zimebaki 150,000. Je, tumewakimbilia wagonjwa, au tumejikimbilia sisi wenyewe?

Mtume Paulo alipokusanya sadaka kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakuichukua peke yake. Alituma watu walioaminiwa na makanisa, ili pasiwe na mtu wa kulaumu. Nasi tufanye hivyo. Watu watatu washike hesabu, mmoja wao awe wa Umoja wa Mama. Hesabu isomwe kanisani, mapato na matumizi, Jumapili ifuatayo. Asiye na fulana mpya akimbie na ya zamani.

Tena tulinde heshima ya mgonjwa. Tusimpandishe jukwaani aonyeshe kovu lake ili watu watoe zaidi. Akitaka mwenyewe kushuhudia, tumshukuru Mungu. Asipotaka, jina lake libaki kwa wale watunzao mfuko. Bwana wetu alitukataza kupiga tarumbeta tunapotoa sadaka. Je, itakuwaje tukimfanya mgonjwa awe tarumbeta yetu?

6. Mbio zetu zimalizike wapi?

Katika mbio za kawaida mtu hufika kwenye utepe akapewa medali. Mbio hizi zimalizike mlangoni pa hospitali. Twashauri kila kikundi cha mazoezi kishirikiane na kanisa lililo karibu, liwe letu, la Wamoraviani, la Walutheri au la Wakatoliki, pamoja na ndugu zetu Waislamu, maana saratani haiulizi dini. Mfuko uwe wa nauli na malazi. Wawepo wasindikizaji wa zamu. Wawepo wa kulima shamba la mgonjwa akiwa safarini. Jembe lile nalo ni mbio. Na siku ya mbio, mhudumu wa afya aalikwe awafundishe akina mama, na akina baba wasikie.

Na yule ambaye hataponywa? Wapo. Tusimwahidi uongo, wala tusimwache. Kumtembelea, kumsomea, kumletea Ushirika Mtakatifu, kuhakikisha ana dawa ya maumivu: hayo pia ni kubeba. Wale wanne hawakujua kwa hakika litakalotukia ndani ya nyumba ile. Walijua tu kwamba ndugu yao hapaswi kubaki nje.

Maswali ya kuzungumza

1. Katika mtaa wetu, ni nini kinachomzuia mama mgonjwa kwenda hospitali mapema: fedha, hofu, aibu, au sisi?
2. Kwa nini Marko hakutuambia majina ya wale wanne?
3. Kama tungekusanya shilingi 1,200,000, tungeigawanyaje?
4. Yoshua bin Sira aunganisha sala na tabibu. Je, sisi tumewahi kuvitenganisha?
5. Ni nani anayeweza kusindikiza mgonjwa mwezi huu? Andikeni majina kabla ya kuondoka.

Sala

Ee Mungu, uliyempa Luka moyo wa tabibu na kalamu ya mwinjilisti, waangalie wanawake wa ufuko huu walio na hofu usiku huu. Utupe sisi tulio na nguvu miguu isiyochoka, mikono safi katika fedha, na midomo inayotunza siri. Utufanye wanne wa kubeba mmoja, mpaka sote tufike kwako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.